Miaka tisa naigiza kufika, sasa mume wangu ananunua vumbi la Kongo

Shangazi, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni, mwanga wa simu nimeupunguza, wote wamelala. Nimefuta maneno haya mara nyingi. Leo nayatuma kabla sijajuta.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Tandahimba, nimeolewa Mtwara mjini, huu mwaka wa tisa. Tuna watoto wawili, wa mwisho ana miaka mitatu. Mume wangu ni dereva wa lori. Msimu wa korosho ukianza Oktoba ndio basi tena, simwoni: usiku anashusha bandarini, alfajiri kashageuza kwenda Newala au Masasi kupakia. Msimu ukiisha anabahatisha safari za hapa na pale. Sasa hivi wenye mikorosho wako kwenye kupulizia salfa, kwa hiyo yupo nyumbani karibu kila siku.

Niseme mapema kwamba si mume mbaya. Hanipigi, hela ya matumizi anaacha, mtoto akiugua anakesha naye. Nampenda, na kumtamani namtamani. Nisingependa ufikiri tatizo ni hilo.

Tatizo ni kwamba sijawahi kufika kileleni naye. Sisemi ni mara chache, Shangazi. Sijawahi hata siku moja.

Wiki moja kabla ya harusi, nina miaka 22, niliwekwa ndani, somo yangu akanifunda. Mama mcheshi, mdomo hauna breki. Alinifundisha kumpokea mume, kumwogesha, kumkanda, kuzungusha kiuno, na kulia. Alijua naolewa na dereva, akaniambia huku akicheka: "Dereva hasafiri usiku bila taa. Sauti yako ndiyo taa yake. Usimwache gizani." Nikashika. Usiku wa kwanza niliumia, nikalia kama nilivyofundishwa, na asubuhi mume wangu alitoka akarudi na doti mbili za khanga. Alikuwa anang'aa usoni. Tangu siku ile ningeachaje?

Kila akimaliza ananiuliza, "Umefika?" Najibu, "Nimefika, mume wangu." Mwezi uliopita, katikati ya kulia kwangu, nikajikuta nawaza kama nimefunika ndoo ya maji ya kunywa. Mdomo unalia, akili iko jikoni. Na tunakaa vyumba viwili, watoto wako upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe haufiki juu, kwa hiyo hata kulia kwenyewe ni kwa kipimo.

Sasa sikiliza lililonitia hofu. Miezi mitatu iliyopita niliota. Siwezi kukueleza niliota nini, maana hakukuwa na sura ya mtu. Niliamka mwili unatetemeka, moyo unaenda mbio, huko chini kunapigapiga kama mshipa, nimelowa. Halafu nikawa mwepesi kama niliyetua mzigo. Nilijua hapo hapo kwamba hiki ndicho wanachokisema watu. Kugeuka, mume wangu yuko macho. Amekaa kitandani ananitazama. Akauliza, "Ulikuwa unaota nini?" Nikamwambia nilikuwa nakimbizwa na mbwa. Hakusema kitu, akageukia ukutani.

Kama wiki tatu baadaye akaanza kutumia vumbi la Kongo, wenzake wa kijiweni wamemwelekeza. Anajipaka, anasubiri, kisha tunakaa hata saa nzima. Mimi nakauka, nachubuka, asubuhi nikikojoa pananichoma. Sasa nalia kweli, Shangazi, nalia kwa maumivu, na yeye anafikiri ni raha, anazidisha.

Nilimdokeza shoga yangu wa kikoba. Alipofika kwenye ile ndoto akanikatiza: hilo ni jini mahaba, limekuoa, ndiyo maana hulipati kwa mumeo unalipata usingizini. Anamjua mganga upande wa Lindi, anataka kuku mweupe, marashi, udi na shilingi laki moja na nusu.

Nifanye nini? Nina jini kweli? Nimwambie mume wangu kwamba miaka yote nilikuwa namdanganya? Au ninyamaze, si nimeshazoea? Nachoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, labda ndiyo inayonifunga. Mwili wangu una kasoro gani?

Msomaji wako, Mtwara.

*

Marahaba, mwanangu. Na pole sana.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu na umeifunga kamba moja. Upo mwili ambao unadhani ni mbovu. Kuna siri ya miaka tisa ambayo hujui uitue wapi. Na kuna maumivu ya sasa hivi, ya hili vumbi. Nitaanza na huu wa mwisho kwa sababu hausubiri.

Ili mtu aache kukuumiza, huhitaji kwanza kumsimulia maisha yako yote. "Ile poda inanichoma, nikikojoa napata tabu, sitaki tena" ni maneno unayoweza kuyasema kesho mchana mkinywa chai, wala hayafungui jalada lolote la nyuma. Yaseme mchana. Ukiyasema usiku, katikati ya tendo, ataweza kuyasikia kama sehemu ya kile kilio alichokizoea. Na ni kweli tupu: kitu kinachotia ganzi ngozi yake kinaweza kuitia ganzi yako pia, na kinaweza kuichoma. Poda za kuongeza nguvu za kiume zinazouzwa mitaani haziandikwi kilichomo. Katika nchi mbalimbali zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na dawa ile ile iliyomo kwenye vidonge vya hospitali vya nguvu za kiume, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akiimeza hiyo, presha inaweza kushuka ghafla mpaka akaanguka. Mwambie hilo pia, maana ni dereva. Na kama kukojoa kunaendelea kuchoma hata baada ya siku mbili tatu za kupumzika, nenda kituo cha afya wapime mkojo na waangalie michubuko. Kwa kuwa umevuka miaka 30, ukiwa huko huko ulizia uchunguzi wa shingo ya kizazi, ni huduma inayotolewa kwa wanawake wa rika lako. Ukiona damu baada ya tendo, usisubiri.

Haya. Sasa ndoto.

Nilikuwa mkunga kabla sijawa Shangazi wa gazetini, na hii hadithi ya jini mahaba nimeisikia kwa wanawake wengi, wenye elimu na wasio na elimu. Mambo ya imani yako siyaingilii. Ila kuna kisa ambacho huenda ulikisoma madrasa kikakupita. Ummu Sulaym, mwanamke katika masahaba, alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza: mwanamke akiota kile anachoota mwanamume, inampasa josho? Akajibiwa kwamba ndiyo, akiona maji. Hadithi hiyo ni sahihi, imo kwa Bukhari na imo kwa Muslim. Hakuambiwa ana jini wala hakutumwa kutafuta kuku mweupe. Aliambiwa aoge, basi.

Huko Marekani nako, mwaka 1953, mtafiti Alfred Kinsey alipochapisha matokeo ya kuwahoji maelfu ya wanawake, ilionekana kwamba asilimia 37 walikuwa wamewahi kufika usingizini angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 45. Ni zaidi ya mmoja katika kila watatu. Kwenye kikoba chenu mko wangapi? Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo ile ndoto iliyokutisha, mimi ilinipa faraja. Umeuliza mwili wako una kasoro gani. Kutetemeka, mapigo, wepesi wa baadaye: mashine yote ilifanya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuigusa, katika chumba kile kile na ukuta ule ule usiofika juu. Kilichokosekana usiku ule ni wewe kujisikiliza. Hukuwa unapima sauti wala hukuwaza ndoo. William Masters na Virginia Johnson, waliotibu wanandoa kwa miaka mingi, waliona jambo hili kwa wagonjwa wao: mtu yumo kitandani lakini kajiweka pembeni, anajitazama kama anayetazama mchezo. Anayejitazama hivyo hafiki kwa urahisi, awe mwanamke au mwanamume.

Kuna jambo jingine ambalo somo yako hakukuambia, na simlaumu, naye hakuambiwa. Raha ya mwanamke chimbuko lake kubwa ni kinembe, na kinembe hakimo ndani ya uke. Kipo juu, pale mashavu madogo yanapokutana, na unachokiona ni ncha tu. Mwaka 1998 Helen O'Connell, daktari wa upasuaji wa Australia, alichapisha na wenzake maelezo ya kiungo hicho walivyokipasua na kukipima, ikaonekana vitabu vingi vya udaktari vilikuwa vimekichora nusu nusu. Ni kama muhogo: juu unaona kijiti, sehemu kubwa iko chini, na ina miguu miwili inayoshuka kulia na kushoto kwa mlango wa uke. Mwaka 2018 ukatoka utafiti wa wanawake 1,055 wa Marekani. Waliosema kwamba kuingiliwa peke yake kunawatosha kufika walikuwa asilimia 18 na kidogo. Waliosema lazima kinembe kiguswe walikuwa kama asilimia 37, na wengine karibu idadi hiyo hiyo walisema si lazima, ila kikiguswa inakuwa tamu zaidi. Najua Marekani si Tandahimba. Lakini mwili huo wameumbiwa wao na tumeumbiwa sisi.

Ndiyo maana vumbi la Kongo haliwezi kulitatua hili hata akijipaka kopo zima. Linaongeza dakika mahali ambapo, kwako wewe, hapakuwa pakikosa dakika. Supu ya pweza ni hivyo hivyo, ingawa hiyo angalau inashibisha.

Sasa nije kwenye siri, na hapa nikuombe tuisome barua yako pamoja. Unasema mume wako hajui. Una hakika? Mimi nimepiga mstari chini ya maneno mawili: "akageukia ukutani." Fuata mtiririko. Kwa miaka tisa amekusikia ukilia kwa namna moja. Usiku mmoja anaamshwa na kitu asichowahi kukiona: mkewe anatetemeka, bila sauti ya kupimwa, bila kiuno kinachozungushwa kwa hesabu. Anakuuliza, unamwambia ni mbwa. Wiki tatu baadaye anatafuta poda. Mwanamume aliye na uhakika kwamba kazi yake inatosha hutafuta poda ya nini? Na kila siku unamsikia akiuliza, "Umefika?" Tumezoea kulicheka swali hilo, eti ni majivuno ya wanaume. Wakati mwingine ni swali kweli.

Sijui yaliyo moyoni mwake, huenda ni kijiwe tu kimemponza. Lakini ukubali kwamba inawezekana wote wawili mko gizani, kila mmoja akimficha mwenzake kitu kile kile. Somo yako alisema sauti yako ni taa. Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Taa umemuwashia miaka yote, ila umeimulika barabara nyingine, naye dereva wa watu anaifuata kwa utii mkubwa.

Unaliita jambo hili udanganyifu. Neno hilo ni zito, na sina hakika ni lako peke yako. Ulifundishwa kulia kabla hujafundishwa kuhisi, tena ukiambiwa ndiyo heshima kwa mume. Binti wa miaka 22 usiku wa kwanza, anaumwa, anataka kufanya vizuri. Ningetamani siku moja umrudie yule mama, kama yupo hai, umuulize yeye mwenyewe kama aliwahi kufika. Jibu lake usilipeleke kikoba.

Umwambie au usimwambie? Sitakuchagulia, mimi si ninayelala chumba kile. Nitakuonyesha njia ninazoziona na mashimo yake.

Unaweza kumwambia yote kwa mara moja. Utapumua, naye atapata ramani ya kweli. Shimo lake ni kwamba anaweza kuanza kuhesabu nyuma, usiku kwa usiku, na asisikie chochote ila "uongo". Wapo waume hapo hapo watauliza, "Na usingizini ulikuwa na nani?" Wapo watakaolipeleka kwa mama yao. Wewe ndiye unayejua wako akiumizwa anakuwaje. Umesema hakupigi, hilo ni kubwa. Akiudhika hununa siku ngapi? Huwa anarudi mwenyewe au mpaka abembelezwe? Hayo ndiyo ya kupima kabla ya kuchagua njia hii.

Unaweza kuacha yaliyopita pale yalipo, uanze leo kwenda mbele. Unapunguza kulia kidogo kidogo, unachukua mkono wake unauweka unapotaka, unamwambia "hapa, taratibu". Wengi hupita hapa na wengi hufika salama. Shimo ni kwamba ataona umebadilika, atauliza: "Kwani siku zile?" Uwe na jibu. Usijitengenezee uongo mpya wa kufunika wa zamani, kama "tangu nijifungue mwili umekataa", maana nao utatakiwa kuulisha. "Siku zile nilipenda kuwa na wewe, sasa nataka nipate zaidi" nadhani si uongo kwako, kwa ulivyoandika.

Na kuna mlango ambao yeye mwenyewe aliuacha wazi nusu. "Unakumbuka usiku ule ulinikuta natetemeka? Hakukuwa na mbwa." Halafu umweleze ulichohisi, na kwamba hukuona sura ya mtu. Nikiri kwamba mlango huu unanivutia, kwa sababu mazungumzo yanaanza na jambo alilolishuhudia kwa macho yake, na ni habari njema: mkewe ana mwili unaoweza. Shimo lake ni wivu. Mwenye wivu mkali anaweza kushindana na hiyo ndoto.

Kuendelea kunyamaza nako ni njia, sitakucheka. Wanawake wamezeeka hivyo wakiwa na ndoa zenye upendo. Ila kwako kunyamaza kumeshaanza kutoza gharama: unachubuka. Na msimu huu hayupo barabarani, hakuna zile wiki za kupumzika.

Ukichagua kufungua mdomo kwa njia yoyote, mtahitaji cha kufanya baada ya maneno. Masters na Johnson walikuwa na zoezi ambalo mpaka leo washauri wa ndoa wanalitumia, na linashangaza watu kwa sababu linaanza na katazo. Kwa muda mnaokubaliana, tuseme wiki mbili tatu, tendo lenyewe linasimama. Mnagusana kwa zamu. Leo wewe unalala, yeye anakugusa mgongo, mapaja, nyayo, bila kwenda sehemu za siri, na kazi yako ni moja tu, kusema panapopendeza na pasipopendeza. Kesho zamu yake. Baada ya siku kadhaa ndipo mnaruhusu na sehemu za siri, bado bila kuingiliana. Hakuna wa kufika wala wa kuuliza nani kafika. Faida yake kwako ni kwamba kilio hakina kazi tena, maana hakuna mwisho wa kuigizia. Na yeye anapumzika na ule mtihani aliojipa wa saa nzima. Mume mwenye pupa ataona anaonewa, kwa hiyo hili huwezi kumshtukiza nalo kitandani, linahitaji kikao.

Kwenye kinembe chenyewe, polepole na kwa unyevu. Ncha yake ni nyepesi kuumia ikisuguliwa kavu, wanawake wengi hupendelea kuguswa pembeni yake au juu ya ngozi inayoifunika. Duka la dawa wana vilainishi. Mafuta ya nazi nayo yanafaa kwa wengi, ila yasikutane na kondomu ya mpira, huilegeza ikapasuka. Na mkigundua mtindo unaoanza kukupandisha, mwambie asibadilishe. Wanaume wengi wakiona mambo yamenoga ndipo huongeza mwendo, na hapo kila kitu kinapotea. Wewe ndiye mwenye taa, mwambie "hivyo hivyo".

Washauri wengi watakuambia ujifunze kwanza mwenyewe, kwa mkono wako, ukiwa peke yako. Kwa wanawake ambao hawajawahi kufika, hiyo ndiyo njia iliyojaribiwa sana katika tiba. Najua pia ulivyolelewa, na kwamba masheikh wengi wanaikataza. Sikuamulii. Mkono wa mume wako hauna mjadala huo, na wako ukiwa juu ya wake unaongoza ni ule ule. Kama naye atashtuka kwamba mambo haya ni ya kizungu, mkumbushe Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoeleza adabu za ndoa: mume akishamaliza haja yake asimkatishe mkewe, amsubiri naye amalize yake. Hiyo ni miaka zaidi ya 900 kabla ya mimi kuwa na safu gazetini.

Sindano nayo. Wapo wanaosema imewapunguzia hamu au imewakausha, wapo wasioona tofauti yoyote. Lakini wewe hukuwahi kufika hata kabla ya kuanza kuichoma, kwa hiyo siioni kuwa ndiyo mzizi. Kama ukavu unakusumbua, zungumza na muuguzi wa uzazi wa mpango akupe njia nyingine, usikatize tu ukajikuta una mimba usiyoipanga. Mweleze pia kama kuna dawa nyingine unazotumia. Baadhi ya dawa za sonona huchelewesha kufika au huzuia kabisa, na kisukari huweza kupunguza hisia. Haya yanapimika.

Kuhusu mganga, laki moja na nusu ni yako, na shoga yako sidhani ana nia mbaya. Ninachohofia ni hiki: ukirudi kutoka Lindi na hirizi, mume wako atajua una jini, na kuanzia siku hiyo kila kitu kati yenu kitakuwa kosa la jini. Hakuna atakayeuliza tena unapenda kuguswa wapi.

Bado kuna ukuta. Umeutaja kwa mstari mmoja tu ukapita, lakini mimi nadhani unakula nusu ya akili yako. Mwili unaosikiliza kama mtoto ameamka hauwezi kulegea. Unasema msimu huu mume yupo nyumbani mchana. Mtoto mkubwa si yuko shule? Mdogo hana bibi, hana jirani wa kumshika saa mbili? Saa nne asubuhi, nyumba tupu, redio ya jirani inapiga taarabu kwa nguvu kuliko sauti yenu yoyote. Wengi wa rika langu hatukuwahi kufikiri kwamba mchana nao ni wakati.

Unaweza usifike siku ya kwanza, wala ya kumi. Pengine utakuwa mmoja wa wale wanaofika mara moja moja. Nikikuahidi zaidi nitakuwa namuigiza yule mganga. Ila niandikie, hata kama ni kuniambia ulichagua kunyamaza.

Na ile ndoo ya maji, ifunike kabla hujaingia chumbani.

Shangazi yako